Mfarishi Katika Somo la Fizikia

Mkoa wa Singida umekaa juu ya uwanda wa kati wa Tanzania, na mji wa Singida wenyewe upo kwenye mwinuko wa karibu meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai upepo huvuma na baridi huuma. Katika mkoa huohuo, upande wa Iramba na Mkalama, wakulima hulima pamba; na chini ya cherehani za mafundi vipande vya vitenge hutupwa kila siku. Baridi, pamba na vitambaa: hivyo vyatosha kuanzisha somo la joto katika shule isiyo na maabara kamili.

Mfarishi ni tandiko la tabaka mbili za nguo lililotiwa pamba katikati, kisha likashonwa kwa mistari. Wengi hudhani kwamba pamba ndiyo iletayo joto. Sivyo. Kazi ya pamba ni kuifunga hewa baina ya nyuzi zake isiweze kuzunguka. Hewa iliyotulia ni kipitishi dhaifu mno cha joto. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa hiyo.

Mwalimu aandae makopo matatu yaliyo sawa, yenye vifuniko, na kuyatia maji ya moto kwa kipimo kimoja. La kwanza liachwe wazi, la pili livikwe tabaka mbili za kitenge, la tatu livikwe mfarishi. Wanafunzi wasome kipimajoto kila baada ya dakika 5 kwa muda wa nusu saa, kisha wachore grafu. Wataona kwamba maji hupoa upesi mwanzoni, na polepole kadiri yanavyokaribia joto la chumba, kama Isaac Newton alivyoeleza mwaka 1701.

Lakini fumbo lenyewe limo katika mshono. Mistari ikiwa mbalimbali sana, pamba huteremka na kurundikana upande mmoja, na pale ilipopungua joto hupenya. Ikiwa karibu sana, uzi huibana pamba na kuikamua hewa. Basi, nafasi ifaayo kati ya mstari na mstari ni ipi? Jibu halimo kitabuni. Hupatikana kwa kushona mifarishi kadhaa na kuipima.

Hapa msichana aliyezoea sindano hatangulii mikono mitupu. Kwa miaka mingi sindano hiyohiyo ilimwelekeza kwenye chumba cha sayansikimu, huku mvulana akielekezwa kwenye fizikia, kana kwamba kukadiria, kukata kwa kipimo na kulinganisha pembe si kazi za akili. Isitoshe, masomo ya sekondari hutolewa kwa Kiingereza, na istilahi za joto humfikia mwanafunzi zikiwa ngeni. Nguo si ngeni kwake. Ila mwalimu ajihadhari: akiwapa wasichana sindano na wavulana kipimajoto, ameujenga upya ukuta uleule. Wote washone, wote wapime.

Jambo hili lina historia. Huko Iowa, Marekani, Ellen Harding Baker alishona mfarishi wa sufu wenye jua, sayari, miezi yake na nyota yenye mkia, akadarizi juu yake tarakimu za mwaka 1876. Aliutumia kama picha ya kufundishia alipotoa mihadhara ya elimu ya nyota katika miji ya jirani. Mfarishi huo, wenye upana wa zaidi ya meta 2, umehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Likipatikana kopo la nne, livikwe mfarishi uliolowa. Litapoa upesi kuliko lile la mfarishi mkavu, kwa kuwa maji yamechukua nafasi ya hewa, na kila gramu inayogeuka mvuke huondoka na joto la jouli 2,400 hivi. Mwanafunzi aliyenyeshewa njiani ataweza kueleza kwa nini sare yake iliendelea kumtetemesha hata baada ya mvua kukatika.