Swichi ya Mtandao: Kuunganisha Vifaa na Kutambua Hitilafu

Mkazi anapofika ofisini kulipia huduma na kuambiwa kuwa mtandao haupo, huondoka akiamini kwamba tatizo liko mbali, pengine kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Huenda ikawa hivyo. Lakini huenda pia tatizo liko chini ya meza aliyoiegemea: kebo moja iliyochomoka kwenye swichi.

Swichi inayozungumzwa hapa si ile ya kuwashia taa. Ni kisanduku chenye matundu, aghalabu 5, 8, 16 au 24, kinachounganisha kwa kebo kompyuta, printa na vifaa vingine vya jengo moja. Kila kifaa kina anwani yake. Swichi huikariri anwani hiyo pamoja na tundu lake, kisha hupeleka ujumbe kwa mlengwa, kama tarishi anayejua kila nyumba ya mtaa. Ruta ndiyo inayoliunganisha jengo na intaneti.

Anayefunga mtandao wa ofisi, shule, zahanati au duka azingatie haya:

1. Swichi iwekwe mahali pakavu, juu ya sakafu na mbali na dirisha. Hewa ya chumvi ya pwani yetu hula vichwa vya kebo na matundu.

2. Kebo ya shaba kutoka swichi hadi kifaa isizidi mita 100.

3. Swichi iwashwe, iunganishwe na ruta kwa kebo moja, kisha vifaa vifuate. Kila kichwa kisukumwe mpaka kijifunge.

4. Taa ya kila tundu lililotumika itazamwe. Ikiwaka, kebo imeshika. Ikimetameta, taarifa zinapita.

5. Ncha mbili za kebo moja zisichomekwe kwenye swichi hiyohiyo. Swichi nyingi ndogo hazina kinga: ujumbe huzunguka bila kikomo na mtandao wa jengo zima hukwama.

Hitilafu inapotokea, ukaguzi uanzie ndani. Taa ya tundu isipowaka ilhali kifaa kimewashwa, kebo ichomekwe upya, ihamishiwe tundu jingine, au ibadilishwe. Taa zikiwaka, na printa iliyo kwenye swichi ikichapa, lakini kumbukumbu namba ya malipo haipatikani kwenye kompyuta yoyote, basi tatizo liko kwenye ruta au nje ya jengo. Hapo ndipo mtoa huduma apigiwe simu.

Ukaguzi huu huchukua dakika chache. Kwa mkazi aliyelipa nauli kutoka Fukayosi hadi mjini Bagamoyo, dakika hizo zaweza kumwokolea safari ya pili. Kwa hiyo mtumishi akague kabla ya kumwambia mwananchi arudi kesho, na si utovu wa adabu mwananchi kuuliza kwa upole: “Samahani, taa za swichi zinawaka?”