Kisu cha Dola 900: Je, Makali Yake Yanalingana na Bei Yake?

Wahenga walinena kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hawakutuambia kisu hicho kilinunuliwa kwa bei gani. Swali hilo tuliletewa ofisini na sajini mmoja kijana, aliyerejea kutoka kazi ya kulinda amani ng'ambo akiwa na akiba yake, na katika simu yake picha ya kisu cha kukunja. Kisu chenyewe kilikuwa kikiuzwa dola 900 za Kimarekani. Aliyekitengeneza, alitueleza, hutoa vichache tu kwa mwaka, na anayechelewa hukikosa. "Afande," akauliza, "ninunue?"

Hatukumjibu siku ile. Sajini huyo ana watoto wawili shuleni na nyumba isiyoezekwa, na dola 900 si fedha ya kuchezea. Tulimwomba atupe juma moja, nasi tukaifanya kazi hiyo kwa dhati, maana tunajua hayuko peke yake. Katika kila kikosi wapo vijana wanaovitazama visu hivi kwa macho ya mapenzi.

Hebu tuanze na kile kinachosifiwa mno katika jamii hiyo ya visu vya ghali. Jina lake ni Sebenza, na msomaji asidhani kwamba ni neno la Kizungu; ni neno la Kizulu, na maana yake ni "fanya kazi". Mtengenezaji wake, Chris Reeve, alikuwa fundi wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani mwaka 1989 na kuweka karakana yake katika jimbo la Idaho. Kisu hicho kikiwa kipya hugharimu dola 400 na zaidi. Je, fedha hizo huenda wapi? Sehemu huenda kwenye mpini wa titani, madini mepesi yasiyoshika kutu. Upande mmoja wa mpini umekatwa ukafanywa kama ulimi. Kisu kinapofunguliwa, ulimi huo husogea ukakaa nyuma ya bapa na kulizuia lisirudi likamkata mtu vidole. Reeve ndiye aliyebuni kufuli la namna hiyo, na leo limeigwa na watengenezaji wengi duniani.

Sehemu nyingine huenda kwenye chuma chenyewe. Chuma cha kawaida huyeyushwa kikamiminwa katika kalibu, basi. Chuma cha visu hivi huyeyushwa, kikapulizwa kwa gesi yenye nguvu hata kikawa unga, kisha unga huo ukashindiliwa kwa joto na mgandamizo mkubwa mpaka ukawa pande moja tena. Faida yake ni kwamba chembe ngumu zilizomo ndani huwa ndogo na hutawanyika sawasawa, nayo makali hudumu. Chuma kimoja cha aina hiyo, kiitwacho CPM S30V, kilitolewa na kampuni ya Crucible ya Marekani mwaka 2001, na Reeve mwenyewe alishirikishwa katika kukibuni. Mtu akikishika kisu cha namna hii akakifungua, ataona bapa linazunguka bila kulegalega wala kukwaruza. Hiyo ni kazi ya mikono na mashine za uangalifu mkubwa. Hatuwezi kusema ni ulaghai.

Lakini sajini wetu hakuulizia kisu cha dola 400. Aliulizia cha dola 900, na hapa ndipo tulipolazimika kuchunguza kilichozidi.

Yupo fundi mwingine, Rick Hinderer wa jimbo la Ohio, aliyepata kuwa mzima moto. Kisu chake cha XM-18 kilipopata sifa, karakana yake ndogo haikuweza kuwatosheleza watu. Kwa muda mrefu aliwauzia moja kwa moja askari, polisi na wazima moto kwa bei ya karakana, ambayo ilikuwa karibu dola 400. Raia walilazimika kwenda kwa wachuuzi, au kwa mtu aliyetangulia kukipata, na huko bei ilipanda hata ikawa maradufu. Kisu ni kile kile. Chuma kile kile, skrubu zile zile. Kilichobadilika ni mkono unaouza. Wazee wetu walioishi miaka ya 1970, walipokuwa wakiitafuta sukari na sabuni usiku, walikuwa na neno la biashara hiyo, nalo ni ulanguzi. Linashangaza kidogo kulikuta neno hilo likifaa katika nchi zenye maduka yaliyojaa.

Na uhaba huo ulidumu? Mwaka 2011 kampuni ya Zero Tolerance ilitoa kisu chake cha 0550 kilichofuata umbo la XM-18, kwa bei ya karibu nusu. Mwaka 2012 Kershaw, ambayo ni dada wa kampuni hiyo, ikatoa Cryo, kilichobuniwa na Hinderer huyo huyo na kutengenezwa China, kwa makumi machache ya dola. Hinderer mwenyewe akaongeza mashine na kutoa visu vingi zaidi. Aliyekuwa amelipa maradufu kwa sababu kisu hakipatikani, akakaa akitazama kinavyopatikana. Chuma hakikupungua ubora hata kidogo. Kilichoyeyuka ni ile nusu ya bei isiyokuwa chuma.

Tuongeze kwamba penye uhaba hapakosi mwigaji. Sebenza na XM-18 za bandia zimejaa masokoni, nyingine zimechongwa alama zote za karakana halisi, na askari aliye katika soko la mji wa kigeni hana namna ya kupima chuma kwa macho.

Sasa tuje kwetu. Askari wa Uswisi hukabidhiwa kisu cha kukunja tangu mwaka 1891. Kilipobadilishwa mwaka 2008, serikali yao haikutafuta kisu adimu. Ilitangaza zabuni kwa watengenezaji wa nchi yoyote, na Victorinox, ambayo ni ya nyumbani, ikashinda kwa kisu cha gramu 131 chenye bapa linalofunguka kwa mkono mmoja, msumeno na kifungulia kopo. Chuma chake ni laini kuliko kile cha unga. Huwa butu mapema, ndiyo. Lakini hunolewa kwa dakika chache kwenye jiwe lolote jema. Chuma cha unga kina chembe za vanadi zilizo ngumu kuliko mawe mengi ya kunolea. Kikishakuwa butu porini, jiwe la mtoni halikifanyi kitu. Huhitaji kinoo cha almasi, na kinoo hicho nacho kina bei yake.

Kisha kuna utumishi wa baada ya mauzo. Karakana za visu vya ghali hukisafisha na kukirekebisha kisu kilichorudishwa kwao, na kwa haki kabisa gharama hiyo imo ndani ya bei. Mwenye kisu aliyeko Idaho au Ohio anaufaidi utumishi huo. Sisi tutakitumaje kisu hadi Idaho, kivuke forodha mbili kwenda na mbili kurudi? Tunailipia huduma ambayo hatutaipata. Wapenzi wa visu husema pia kwamba Sebenza huuzika tena kwa bei nzuri. Ni kweli, huko kwao waliko wanunuzi. Katika kambi zetu, mwenye kisu cha dola 900 akipata shida ya ada mwezi wa pili, atampata nani wa kumrudishia hata nusu?

Kuna jambo tuliloliona kwa macho yetu, nalo ndilo lililotupa jibu kuliko hesabu hizi. Miaka michache iliyopita tulikuwa katika msafara, na lori lililotutangulia likapinduka katika mtaro wenye maji. Dereva alikuwa kichwa chini, mkanda wa kiti umembana shingoni na maji yakipanda. Luteni tuliyekuwa naye alikuwa na kisu cha ghali, kizuri kweli. Tulikuwa tumekishika sote na kukisifu. Alipapasa mfuko, akakumbuka. Kisu kilikuwa kambini, ndani ya sanduku lake, kimefungwa kitambaa, kwa kuwa alichelea kisikwaruzike njiani. Aliyeukata mkanda ni mpishi, kwa Okapi yake.

Wengi wetu tunaijua Okapi, iliyopewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo. Ilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, ili iuzwe katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika, na tangu mwaka 1988 hutengenezwa Afrika Kusini. Mpini wa mti wenye nyota na miezi michanga, pete ya kulegezea kufuli, bapa la chuma cha kaboni linaloshika kutu ukilisahau na maji. Bei yake ni dola chache tu. Ya mpishi ilinuka vitunguu. Dereva yule yu hai na bado anaendesha.

Juma lilipotimia tulimwita sajini. Tulimwambia kwamba kisu cha dola 400, kikinunuliwa kwa mtengenezaji mwenyewe na mtu asiye na deni, ni kazi halali inayostahili heshima, ingawa haikati mara mia zaidi ya kile cha dola nne. Tulimwambia pia kwamba dola 500 zilizobaki katika picha yake si za chuma wala za titani. Ni malipo ya kuwa mmoja wa wachache, na anayezilipa na ajue kwamba ananunua pambo, kama mwingine anavyonunua saa ya dhahabu. Mwisho tukamwuliza: kisu hicho akikipata, atakivaa akienda doria?

Alifikiri kitambo. "Hapana, afande," akasema. "Kikipotea je?"

Alipiga saluti akaondoka. Jumamosi iliyofuata tulimwona mjini katika duka la vyuma, amechutama mbele ya mwenye duka, akijaribu kwa kidole gumba vinoo viwili, cha kijivu na chekundu.