Mashine ya kukimbilia isiyokula umeme: ijue kabla hujaipakia kwenye boda

ZIPO mashine za kukimbilia zinazokunjwa, zisizo na mota wala waya, ambazo dukani husimamishwa ukutani kama vitanda vya kambi. Waliorejea nyumbani kutoka ughaibuni, waliozoea jimu za huko, huziona kuwa ndiyo dawa ya mtu anayeishi kwenye muzigo wa chumba kimoja hapa Kampala. Nia ni njema. Tatizo ni kwamba wengi hawajui wanachonunua.

Mashine hii haikuendeshi; wewe ndiye unayeiendesha. Mkanda umepitishwa juu ya rola mbili, mbele na nyuma, nao unasogea kwa sababu tu mguu wako unausukuma. Ndiyo maana upande wa mbele umeinuliwa. Bila mwinuko huo ungesukuma mpaka uchoke. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kila hatua utakayopiga ni ya kupanda kilima, na mwenye magoti mabovu alifahamu hilo mapema. Tena mkanda wenyewe ni mfupi. Ni mashine ya kutembea kwa haraka, si ya kutimua mbio. Jina la "kukimbilia" ni maneno ya biashara.

Faida yake ni kwamba tokeni za Yaka zikiisha saa mbili usiku, wewe unaendelea. Kile kioo kidogo cha kuhesabu dakika kinatumia betri. Ukimaliza unaikunja, unaisukuma nyuma ya mlango.

Je, tunaihitaji kweli? Mwaka 2018 watafiti wa Shirika la Afya Duniani walipolinganisha nchi 168, Uganda ilikuwa miongoni mwa zile zenye watu wachache zaidi wasiojishughulisha vya kutosha, asilimia 5.5 tu. Kuwait ilikuwa asilimia 67. Lakini sifa hiyo ni ya mwenye jembe na mbeba maji. Anayeketi juu ya marobota Kikuubo kutwa nzima, kisha akalala ndani ya basi la kwenda Busia, asijihesabu humo. Shinikizo la damu na kisukari havisomi takwimu za taifa.

Aprili 2020, wakati wa korona, Rais Museveni alipiga marufuku mazoezi ya barabarani, kisha akaonekana kwenye video akikimbia pekupeku ndani ya ofisi yake na kupiga pushapu. Hakuwa na mashine yoyote. Nasi tuliosomea uhamishoni Tanzania tulipigishwa mchakamchaka kila alfajiri, na gharama yake ilikuwa sauti ya kuimbia tu. Mwenye nafasi ya kupanda Naguru au Makindye asubuhi hana haja ya kununua kilima cha chuma. Mashine ni ya yule anayefunga duka giza likiwa limeingia, na barabara ya kwao haina njia ya miguu, boda zinapita zikimgusa kiwiko.

Ukiamua kununua, hasa iliyotumika, usikubali kuiona ikiwa imekunjwa. Ikunjuliwe, uipande kwa uzito wako wote, utembee dakika tano. Soma kibandiko cha uzito inaoweza kubeba. Angalia pini ya kuifungia ikiwa wima. Ikikosekana, siku moja itamwangukia mtoto. Vidole vya watoto navyo vikae mbali na rola.

Mkanda ukielemea kushoto, kaza bolti ya kushoto ya rola ya nyuma robo mzunguko, tembea kidogo, uangalie tena. Ukiwa mzito, inua ukingo wake upake mafuta ya silikoni chini. Mafuta ya kupikia hunasa vumbi, na vumbi la Kampala mnalijua.

Wataalamu wa afya wanashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Anza na dakika kumi, mikono kwenye vishikio. Anayetumia dawa za presha amwone daktari kwanza, ndipo aende kwa muuzaji.