Ubingwa wa Wakorea katika Mchezo wa StarCraft na Jinsi Ulivyovunjwa

Tarehe 3 Novemba 2018, katika mji wa Anaheim, jimbo la California, kijana wa Kifini mwenye umri wa miaka 20, Joona Sotala, alimshinda Kim Dae-yeob wa Korea Kusini kwa michezo minne kwa miwili. Kwa ushindi huo alitwaa ubingwa wa dunia wa mchezo wa kompyuta uitwao StarCraft II, pamoja na dola 280,000 za Marekani. Mabingwa wote waliomtangulia, tangu mwaka 2012 hadi 2017, walikuwa Wakorea. Kwa hiyo, machoni pa watu walioufuatilia mchezo huo kwa miaka mingi, siku ile iliangusha mengi zaidi ya mchezaji mmoja. Iliangusha imani kwamba Mkorea amejaliwa kipawa cha pekee, cha vidole au cha ubongo, ambacho mtu wa taifa jingine hawezi kukifikia hata akijitahidi vipi.

Imani za namna hii si ngeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya walipoanza kuyateka mashindano ya mbio ndefu, walitokea watu wengi wa kueleza kwamba siri yao imo damuni. Damu ni jibu jepesi, kwa kuwa halimlazimishi anayelitoa kwenda kutazama watu hao wanaishije, wanafanya mazoezi na nani, na ushindi unawaletea nini. Ushindani wa Wakorea na wachezaji wa Ulaya unafaa kuchunguzwa kisayansi kwa sababu mambo hayo yote yalibadilika katika muda mfupi na mbele ya macho ya watu, huku damu ikibaki ileile.

Kwanza mchezo wenyewe. StarCraft ulitolewa na kampuni ya Blizzard ya Marekani mwaka 1998, na StarCraft II ukafuata mwaka 2010. Wachezaji wawili huketi kila mmoja mbele ya kompyuta yake. Kila mmoja huanza na kituo kimoja na vibarua wachache. Huwatuma vibarua hao kuchimba madini na kukusanya gesi, na kwa mali hiyo hujenga majengo, huongeza vibarua, huunda jeshi, na hatimaye hujaribu kumwangamiza mwenzake. Anayejua bao au sataranji atadhani amekwisha kuelewa. Lakini katika bao mashimo yote yako wazi mbele ya wachezaji, na kila mmoja husubiri zamu yake. Katika StarCraft hakuna zamu: wote wawili hutenda kwa wakati mmoja bila kusimama, na kila mmoja huona tu sehemu ya uwanja iliyo karibu na askari wake au majengo yake. Kwingineko ni giza. Mchezaji hana budi kutuma mpelelezi, kukisia, na kuamua kabla hajajua. Akitumia madini kununua askari ameunyima uchumi wake. Akiuneemesha uchumi, huenda adui yuko njiani tayari.

Stadi wa kulipwa hutoa amri 300 na zaidi kwa dakika moja, kwa kibodi na kipanya. Hesabu hiyo huwashangaza watazamaji kuliko inavyostahili, maana nyingi katika amri hizo, hasa mwanzoni mwa mchezo, ni za kupasha vidole moto tu. Wepesi wa vidole ni sharti la kuingia uwanjani, haumwelezi bingwa.

Sasa tuitazame Korea. Mwaka 1997 nchi hiyo ilipatwa na msukosuko mkubwa wa fedha. Katika miaka iliyofuata taifa lilitandaza nyaya za mawasiliano ya kasi, na baadhi ya watu walioachishwa kazi walifungua vyumba vya kompyuta vya kukodi kwa saa, viitwavyo kwa Kikorea pisi-bang, bang ikiwa na maana ya chumba. StarCraft uliwasili wakati huohuo. Vijana waliotoka shuleni jioni waliucheza bega kwa bega, na kila mtaa ukawa na shujaa wake. Mwaka 2000 kiliundwa chama cha kitaifa cha kusimamia michezo ya kompyuta, kijulikanacho kwa kifupi KeSPA, na kituo cha televisheni cha Ongamenet kikaanza kurusha mashindano. Makampuni makubwa kama SK Telecom, KT, Samsung na CJ yaliweka timu zao. Mchezaji Lim Yo-hwan, aliyezaliwa mwaka 1980, alijulikana nchini kwake kama wanavyojulikana kwingineko wachezaji wa kandanda.

Moyo wa utaratibu huu ulikuwa nyumba ya timu. Vijana waliishi pamoja, wakalala vyumba vya pamoja, wakapikiwa, na kufanya mazoezi saa kumi au kumi na mbili kwa siku chini ya kocha. Pamoja na mabingwa waliishi wachezaji wa daraja la pili, ambao watazamaji hawakuwajua. Mara nyingi kazi yao ilikuwa kuuiga mtindo wa mpinzani wa wiki ile, ili bingwa wa nyumba yao apate wa kujizoeza naye. Hawa ndio waliosahaulika katika masimulizi mengi ya ubingwa wa Korea, na pengine walistahili sehemu kubwa ya sifa. Mchezo wenye giza hauwezi kufanyiwa mazoezi na mtu peke yake. Unahitaji adui wa kweli, tena mwerevu, tena mpya kila siku.

Hapa ndipo fizikia inapoingia. Mwanga husafiri ndani ya nyuzi za kioo kwa mwendo wa kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka Seoul hadi Helsinki ni karibu kilomita 7,000 kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Hata kama waya mmoja ungenyoshwa moja kwa moja kati ya miji hiyo, ishara ingechukua milisekunde 35 kwenda na 35 kurudi, na kwa vile nyaya hazinyoki na zina vituo vingi njiani, ucheleweshaji halisi huwa mara tatu au nne ya huo. Katika StarCraft II kompyuta mbili huendesha vita vilevile kwa pamoja, na amri ya kila mchezaji ni lazima isafiri kabla haijatekelezwa. Mchezaji wa Ulaya aliyetaka kujizoeza na Wakorea kutoka nyumbani kwake alihisi askari wake kama watu waliolewa. Hivyo utaalamu wa Korea ulizungukwa na ukuta usioonekana. Aliye ndani ya Seoul alikuwa na mamia ya wapinzani wa daraja la juu umbali wa kilomita chache. Aliye nje hakuwa nao.

Waliotaka kuuvuka ukuta huo walipanda ndege. Mkanada Guillaume Patry alishinda ligi ya Ongamenet huko Seoul mwaka 2000, na hakuna mtu mwingine asiye Mkorea aliyewahi kuishinda ligi hiyo. Mswidi Jonathan Walsh alihamia Korea na kufika nusu fainali ya ligi ya GSL mara mbili mfululizo, mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011. Wapo wachache waliofanikiwa kwa njia nyingine: Mfaransa Ilyes Satouri alishinda mashindano makubwa huko Atlantic City mwezi Oktoba 2011, Wakorea wakiwemo. Lakini hizo zilikuwa ajali tamu. Hata lugha ya mchezo ilionyesha hali ilivyokuwa: kila asiye Mkorea aliitwa “mgeni”, na Mswidi aliyecheza kwao Stockholm alikuwa mgeni vilevile.

Mwaka 2013 kampuni ya Blizzard iligawa mashindano ya ubingwa katika kanda tatu: Korea, Ulaya na Amerika. Nia ilikuwa njema, ila hakuna aliyelazimishwa kuishi katika kanda aliyoichezea. Wakorea walimiminika. Misimu yote mitatu ya kanda ya Ulaya mwaka huo ilishindwa na Wakorea, nao Wazungu wengi wakaondoka mapema, wakiwa na fedha kidogo na wakati mwingine bila kitu. Kijana wa miaka 18 mjini Warsaw au Milan angemwambia nini mzazi wake? Kuanzia mwaka 2015 sharti la ukaazi liliwekwa, na mwaka 2016 mfumo ukatenganishwa kabisa: nafasi nane katika fainali ya dunia zikatolewa kwa Korea, na nane kwa walimwengu waliobaki.

Wapenzi wengi wa mchezo walilaani kanuni hiyo. Walisema inawalinda wanyonge na kwamba mtoto anayebebwa hajifunzi kutembea. Hoja hiyo ina mantiki, lakini matokeo yaliipinga. Fedha za zawadi zilipobaki Ulaya, iliwezekana kwa mara ya kwanza mamia ya vijana kuutumia ujana wao katika mchezo huu. Aidha Ulaya si kubwa kama inavyodhaniwa: kutoka Helsinki hadi Milan hakufiki kilomita 2,000, na ishara huchukua takriban milisekunde kumi. Mfini, Mpolandi, Mjerumani na Mwitalia wakawa kana kwamba wanaishi nyumba moja, kila mmoja chumbani kwake. Sotala mwenyewe, mzaliwa wa Pornainen, mji mdogo wa Ufini, alijengeka katika uwanja huo wa Ulaya bila kupita katika nyumba ya timu ya Seoul.

Upande wa Korea jengo lilikuwa likiporomoka. Mwaka 2010 wachezaji kadhaa, miongoni mwao bingwa wa zamani Ma Jae-yoon, waligunduliwa kuuza michezo kwa wacheza kamari. Mwaka 2016 aibu ilirudi, na bingwa wa dunia wa mwaka 2014 akatiwa hatiani kwa kosa hilohilo. Mwezi Oktoba 2016 KeSPA ilitangaza kuifunga ligi ya timu iliyokuwa imeendeshwa tangu mwaka 2003, na timu tano kati ya saba zikavunjwa. Wachezaji wa daraja la pili, waliokuwa wameacha masomo na kuishi kwa posho ndogo, ndio waliobaki bila chochote. Mwezi uleule Mmarekani Alex Sunderhaft alishinda mashindano ya KeSPA nchini Korea kwenyewe.

Je, Ulaya ilipanda au Korea ilishuka? Ubishi huu umewachosha wengi, nao hauna mshindi kwa sababu yote mawili yalitokea pamoja. Hata hivyo hoja ya kushuka peke yake haitoshi. Mwaka 2018 Sotala alishinda mashindano yote manne ya mzunguko wa kimataifa, na mwezi Agosti alikwenda Seoul na kumshinda huyohuyo Kim Dae-yeob kwa michezo minne kwa mitatu, miezi mitatu kabla ya Anaheim. Kim hakuwa mzee aliyechoka. Pengo lililobaki katika kumbukumbu za mwaka huo ni kwamba Sotala hakukutana Anaheim na Cho Seong-ju, aliyekuwa ameshinda misimu yote mitatu ya GSL. Cho alitolewa robo fainali na Mkorea mwenzake.

Umri nao unahusika. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walichapisha uchambuzi wa rekodi za wachezaji 3,305 wa StarCraft II wenye umri wa miaka 16 hadi 44. Walipima muda unaopita kati ya mchezaji kuhamishia macho sehemu mpya ya uwanja na kutoa amri ya kwanza hapo, wakaona kwamba muda huo huanza kurefuka kwenye umri wa miaka 24. Kijana wa Korea hulazimika kwenda jeshini kabla ya kumaliza miaka ya ishirini, na wengi huchelewesha wito huo hadi karibu mwisho. Kwa hiyo humaliza utumishi akiwa amekwisha kuuvuka umri uliotajwa, baada ya mwaka mmoja na nusu au zaidi bila mazoezi. Ila matokeo ya wastani wa watu elfu tatu hayamhukumu mtu mmoja: fainali ya Katowice ya mwaka 2024 iliwakutanisha Sotala mwenye miaka 25 na Cho mwenye 26, na Sotala akashinda minne kwa bila. Watafiti walewale walionyesha kwamba wakubwa hufidia upole wao kwa kurahisisha kazi. Anayejua nini cha kuacha hahitaji kuharakisha.

Tangu hapo Ulaya imepata wengine. Mwitalia Riccardo Romiti alishinda Katowice mwaka 2021, na mwezi Agosti 2024 huko Riyadh Mfaransa Clément Desplanches alimshinda Sotala mwenyewe kwa michezo mitano kwa bila. Swali ambalo Wakorea hujiuliza ni watoto wao wako wapi. Jibu liko katika vyumba vilevile vya pisi-bang, lakini kwenye kompyuta umewashwa mchezo mwingine, League of Legends, unaochezwa watu watano kwa watano. Huko nyumba za timu, makocha na mashabiki wangali wapo. Timu ya T1, ambayo Lim Yo-hwan aliiasisi mwaka 2004 kwa ajili ya StarCraft, ilitwaa ubingwa wa dunia wa mchezo huo mara tano kati ya mwaka 2013 na 2024. Ulaya ilishinda mwaka wa kwanza tu, 2011, katika mashindano ambayo Wakorea hawakushiriki. Fainali mbili ilizofika baadaye, mwaka 2018 na 2019, ilipoteza zote kwa michezo mitatu kwa bila, mbele ya timu za Uchina.