Sindano za Kichina na Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo

Mzazi ambaye mtoto wake hawezi kukaa, kutembea wala kumeza mate hachoki kutafuta. Akisikia ati kuna sindano za Kichina zinazoponya, yuko tayari kuuza hata ng'ombe wa maziwa. Kabla hajauza, tuyaangalie mambo haya pamoja.

Tiba hii huitwa akyupancha. Wachina wameitumia kwa zaidi ya miaka 2,000. Sindano zake ni nyembamba sana na hazina dawa ndani. Wazee wao walifundisha kwamba nguvu ya uhai hupita mwilini kwa njia zake. Njia ikiziba mtu huugua, na sindano huizibua.

Kule Hong Kong, Daktari Virginia Wong na wenzake waliwachoma ulimini watoto 10 waliokuwa wakidondokwa na mate. Mwaka 2001 waliandika kwamba mate yalipungua. Hilo si jambo dogo. Mama anayebadilisha nguo za mtoto kutwa nzima anajua. Lakini watoto 10 ni wachache mno. Tena daktari huyo huyo, pamoja na Daniel Cheuk, walipitia majaribio 17 ya sindano kwa wagonjwa wa kifafa. Mwaka 2014 walisema hawakupata ushahidi wa kutegemewa kwamba zinasaidia.

Je, kwa nini haziponyi? Mtindio hutokana na ubongo kuumia, kwa mfano mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au akiugua homa ya uti wa mgongo. Sehemu iliyokufa haifufuki kwa sindano. Mtoto hujifunza kwa kutumia sehemu iliyobaki, ndiyo sababu mazoezi ya kila siku yanafaa.

Kwa hiyo tunawashauri wazazi:

1. Usimwachishe mtoto dawa za kifafa. Kuziacha ghafla kwaweza kuleta degedege la kuua.

2. Usiache mazoezi uliyofundishwa hospitalini.

3. Ukiamua kujaribu sindano, mwulize kwanza daktari wa mtoto. Sindano ziwe mpya, zifunguliwe mbele ya macho yako. Zilizotumika zaweza kuambukiza Ukimwi na ugonjwa wa ini.

4. Anayekuahidi kwamba mtoto atapona kabisa, mwage uende zako.

Na yule ng'ombe abaki zizini. Mtoto anahitaji maziwa yake.