Jina Lisilo na Mwili: Hitilafu za Uunganishaji katika Majaribio ya Programu

Mtumiaji wa kamusi huijua kero ya kuelekezwa atazame kidahizo kingine, kumbe hakimo. Hitilafu ya uunganishaji katika lugha ya C++ ni ya namna hiyo. Visual Studio huitambulisha kwa alama LNK2019: jina la kitendakazi limetajwa, lakini mwili wake haukupatikana.

Yafaa ikumbukwe kwamba ujenzi wa programu hupitia hatua mbili. Kwanza, kompaila husoma kila faili ya msimbo peke yake na kuridhika na tamko lililomo katika faili ya kichwa. Pili, kiunganishi hutafuta fasili ya kila jina lililotumiwa. Mradi wa majaribio hujengwa kando. Faili ya kichwa huuletea matamko tu, nayo faili ya.exe kwa kawaida haiutolei fasili zake.

Wapo wanaonakili msimbo na kuubandika katika mradi wa majaribio. Huko ni kujihadaa, kwani asili ikibadilishwa na kuharibika, nakala itaendelea kufaulu.

Njia bora ni kuuhamishia msimbo katika maktaba tuli, yaani faili ya .lib, kisha programu na majaribio zitumie maktaba hiyo moja. Iwapo hilo haliwezekani, faili za .obj za programu ziorodheshwe miongoni mwa vitegemezi vya kiunganishi katika mradi wa majaribio.

Jaribio lisilougusa msimbo wenyewe halithibitishi lolote.