Kidole kilichoganda chataka beseni, si moto wa mkaa

MBALE – Abiria anayetoka Jinja kwa basi huteremka Mbale akipangusa jasho. Siku chache baadaye, kama amepanda Mlima Elgon kupitia Budadiri, huenda akaamka hemani akitetemeka na kukuta umande umeganda juu ya nyasi. Kilele cha Wagagai kina mita 4,321, na huko juu joto la usiku huweza kushuka chini ya nyuzi sifuri. Mpagazi mwenye viatu vilivyolowa na asiye na glavu yuko hatarini zaidi.

Jinja nako kuna kazi za baridi, kwa kuwa samaki wa Ziwa Viktoria huhifadhiwa kwa barafu. Barafu ya kawaida hutia mikono ganzi, lakini chumba cha kugandishia chenye nyuzi 18 chini ya sifuri huweza kugandisha kidole chenyewe, hasa glavu ikiwa imelowa.

Kidole kilichoganda hupauka au kuwa cha kijivu, hukakamaa kama nta, na maumivu hutoweka. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Wengine husogeza mkono kwenye sigiri, lakini kidole chenye ganzi hakisikii moto, nacho huungua mwenyewe asijue. Wengine husugua, wakazidi kuumiza nyama iliyojaa chembe za barafu.

Makosa haya ni ya zamani. Mwaka 1812, jeshi la Napoleon lilipokuwa likirudi kutoka Moscow, daktari wake Larrey aliona madhara yaliyowapata askari waliokimbilia moto. Yeye akapendekeza kusugua kwa theluji, ushauri ambao nao umeachwa.

Kinachoshauriwa leo ni beseni la maji ya nyuzi 37 hadi 39. Pasipo kipimajoto, mtu mzima wa afya atumbukize kiwiko, kama mama anavyopima maji ya kumwogeshea mtoto: yawe ya uvuguvugu, yasichome. Pete ivuliwe kwanza. Kidole kikae majini dakika 15 hadi 30, mpaka kilainike na rangi irudi. Maji yakipoa, kidole kitolewe kwanza ndipo ya moto yaongezwe.

Damu inaporudi, maumivu huwa makali, na dawa ya ibuprofen husaidia asiyekatazwa kuitumia. Malengelenge yasitumbuliwe. Kitambaa safi na kikavu kiwekwe katikati ya vidole, kisha mgonjwa apelekwe hospitali ya rufaa, Mbale au Jinja.

Lipo sharti moja kubwa. Kidole kisiyeyushwe pale ambapo kinaweza kuganda tena, kwa sababu kuganda mara ya pili huharibu zaidi. Aliye karibu na kilele ni heri ateremke kwanza hadi mahali penye joto.

Kwa wapagazi wa Bugisu, ambao wengi wao hutoka katika familia za wakulima wa kahawa, jambo hili si dogo. Mkono unaobeba mizigo ya wageni ndio huohuo unaochuma buni msimu wa mavuno unapofika.